Anodi ya Sukari

Jumatano, katikati ya mwezi wa mfungo. Baridi kavu tangu alfajiri, ile baridi ya mwezi wa sita inayopasua midomo. Nimeosha mikono kwa sabuni, kwa mchanga, kwa ndimu, na bado vidole vyangu ni vyeusi. Kila nikigeuza ukurasa naacha alama pembeni.

Nimekasirika.

Naliandika hilo kwanza ili siku moja nikisoma tena nisijidanganye kwamba leo nilikuwa mtulivu.

Naandika kwa Kiswahili cha baba. Alikuwa fundi cherehani, watu wake walitoka Kasongo, na alitaka wanawe waandike maneno kamili hata kama barabarani wanayakatakata. Nje nasema kama watu wote wa Lubumbashi wanavyosema, na kazini tunachanganya na Kifaransa mpaka hatujui tulianzia wapi. Hapa niko peke yangu, hakuna wa kunicheka.

Basi. Kazi yangu ni kemia. Tuna maabara katika taasisi ndogo kwenye barabara ya Kasapa: chumba kimoja kirefu, dirisha moja lisilofunga, tanuru la umeme, na sanduku la kioo lenye glavu mbili za mpira ambamo tunafanyia kazi vitu visivyotakiwa kuguswa na hewa. Tuko wawili tu. Mimi, na Ngoy, kijana wa Kabalo ambaye baba yake alizeekea kwenye reli. Ngoy ni mkemia kama mimi, na ananiita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa nimemzidi umri kidogo.

Tunatengeneza betri ya sodiamu. Yaani tunajaribu.

Kwa nini sodiamu? Kwa sababu iko ndani ya chumvi ya kila jiko. Lithiamu nayo tunayo, Ngoy anasema huko kaskazini kwao watu wanaikanyaga ndani ya mawe ya Manono bila kujua, lakini kuitoa kwenye jiwe kunataka kiwanda, na kiwanda hatuna. Na kwa nini betri? Kwa sababu ya dada yangu Sauda. Ni mkunga katika zahanati moja kwenye njia ya Mokambo, mahali ambapo nguzo za umeme zinapita juu bila kusimama. Usiku anazalisha wanawake huku ameshika tochi kwa meno. Kuna wakati walipewa betri ya gari, wakaitumia mpaka ikaisha kabisa, wakaichaji, wakaimaliza tena, ikafa kabla mvua hazijakatika. Betri za gari hazipendi kumalizwa. Nilimwambia nitamtengenezea isiyokufa. Nilisema hivyo kwenye meza ya chakula, mbele ya mama, kama mtu anayeahidi kuleta mkate.

Ile sehemu inayopokea sodiamu betri inapotumika tunayo. Tunaitengeneza kwa unga wa kobalti, na kobalti katika mji huu ni kama vumbi. Shida yote iko upande wa pili, kwenye anodi, yaani pale sodiamu inapotakiwa kukaa wakati betri imejaa, itulie, iondoke ikiitwa, irudi tena bila kubomoa nyumba.

Inabomoa nyumba. Kila mara.

Tulianza na risasi iliyochanganywa na bati. Risasi ikimeza sodiamu huvimba kama mkate ulioangukia ndani ya chai, na ikiitoa hunywea. Inavimba, inanywea, inavimba, inanywea, mwisho inapasuka na kubaki tope jeusi chini ya chupa. Tukajaribu grafiti, ambayo vitabu vyote vinaisifu. Grafiti ikaikataa sodiamu kabisa, kama mlango uliokomewa kwa ndani. Tukajaribu makala, yaani makaa ya kupikia, yale ya kwenye magunia kando ya barabara. Hayo yaliipokea, ila makala yana majivu ya mti ndani yake, na majivu hayo yaliichafua seli nzima, ile betri ndogo ya majaribio.

Kisha, kabla ya mfungo, tulichoma sukari kidogo iliyobaki kwenye kopo la chai ya wageni. Sukari haina majivu. Ukiichoma bila hewa inabaki kaboni tupu, ngumu, inayong'aa kama kioo cheusi. Tukaisaga, tukatengeneza anodi ndogo kama kifungo cha shati, tukaifunga ndani ya seli, tukawasha balbu ya tochi.

Ikawaka. Tukaichaji, ikawaka tena. Tukaimaliza kabisa, makusudi, kwa ukatili, ikarudi. Tukaendelea hivyo mpaka tukachoka kushangaa. Ilipokufa nilisema moyoni, haya, ni yale yale. Ngoy akaifungua. Kumbe ni maji tu yaliyokuwa yameingia kwenye kifuniko chetu kibovu. Anodi yenyewe ilikuwa nzima. Hakuna ufa, hakuna tope. Nilikaa chini sakafuni nikacheka mpaka Ngoy akaniuliza kama naumwa.

Mkurugenzi hakucheka. Alisema jambo likitokea mara moja ni bahati, nimwonyeshe mara ya pili. Nikampa haki, hata mimi ningemwambia mwanafunzi wangu hivyo. Lakini akaongeza kwamba kampuni ya shaba inatafuta vifaa vya kupimia mawe yake, na wanahitaji tanuru. Alhamisi, yaani kesho, wanakuja kulichukua. Kama kabla ya hapo nina anodi ya pili, atawaambia wasubiri. Kama sina, basi.

Kwa hiyo leo ilikuwa leo.

Sukari mjini hakuna. Duka la Mgiriki lina rafu tupu na sabuni. Iliyokuwepo nyumbani aliituma Sauda kwa lori, imefungwa ndani ya kitenge, kwa ajili ya uji wa futari wa mama. Nilimwendea mama baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa bado kwenye mkeka.

"Feza, hii sukari iko ya uji. Unajua?"

"Najua, Mama."

"Na unaenda kuichoma."

"Ndiyo, Mama."

"Sijaonaka muntu wa kuchoma sukari mwezi wa mufungo."

Hakukataa lakini. Alifungua fundo, akanimiminia zaidi ya nusu ndani ya kopo la maziwa, akaligonga kopo kwa vidole ili sukari ishuke, akaongeza tena kidogo juu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye, kwamba aliongeza.

Maabarani tulianza nje, uani, kwa jiko la makala. Sukari lazima kwanza iyeyuke na kuvimba povu jeusi kabla ya kuingia tanuruni. Harufu ilitoka pale, ee Mungu, harufu ya peremende, ya sherehe, na mimi sijaweka hata tone la maji mdomoni. Mpiga chapa wa ofisi alitoka na kiti chake. Mlinzi akaja akasimama upande wa upepo. Ngoy, ambaye si Mwislamu, kila siku huenda kula mkate wake nyuma ya ukuta ili nisimwone, na leo akaniomba msamaha kwa niaba ya sukari.

Tukasaga lile povu, tukalijaza ndani ya bomba la chuma, tukaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mpira, na kupitia vizibo tukapitisha gesi ya argoni polepole, kwa sababu hewa ya kawaida ikiingia bombani wakati wa moto, kaboni yote inaungua. Mtungi wetu wa argoni ndio wa mwisho. Sindano ya kipimo chake ilikuwa imeshakaa chini. Tulijua. Tulipiga hesabu kwamba itatosha kwa kuchoma, na kubaki kidogo kwa sanduku la kioo, ambamo anodi lazima ifungwe ndani ya seli bila kuona hewa. Hesabu ilikuwa sawa. Narudia, hesabu ilikuwa sawa.

Tanuru likapanda vizuri. Nyuzi elfu moja na zaidi, na kile kitundu cha kuchungulia kikawa rangi ya chungwa lililoiva. Feni ndogo ilikuwa inapuliza kwenye ncha za bomba ili vizibo visiyeyuke. Ngoy alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine.

"Yaya," akasema, "niko na kintu ya kukuambia."

"Sema."

Feni ilikuwa imesimama.

Taa nayo. Ule mvumo wa tanuru, ambao huusikii mpaka unyamaze, ukanyamaza.

"Courant imeenda!" mlinzi akapaza sauti kutoka nje, kana kwamba sisi tungeweza kukosa kuona.

Tulingoja. Gesi ikiendelea kupita, sindano ikishuka. Umeme ukarudi, tukashangilia, tanuru likaanza kupanda tena, kisha ukakatika mara ya pili na haukurudi. Hakuna aliyejua kwa nini. Mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Na bila feni, kizibo cha upande wa Ngoy kikaanza kutoa moshi. Mpira ukalegea, ukatoa jasho, halafu ukapasuka.

"Inaingiza hewa!" nikamwambia. "Ziba!"

"Nizibe na nini?"

"Na chochote!"

Alikimbia nje akarudi na udongo mwekundu wa kichuguu umejaa kwenye fulana yake, nikaukanda kwa maji ya kopo, tukaushindilia kwenye ncha ya bomba kwa mikono. Udongo ulikuwa unakauka na kupasuka jinsi tunavyouweka. Tunaongeza, unapasuka. Tunaongeza. Nikaungua kiganja, sikusikia mpaka baadaye. Ili kuisukuma hewa nje Ngoy akafungua argoni zaidi, na mimi nikamwambia fungua, fungua, na sindano ikalala kabisa.

Ni pale, tumepiga magoti pande mbili za bomba la moto, mikono imejaa tope, ndipo akaniambia lile jambo lake.

"Banani-engager ku kampuni, yaya. Ku laboratoire yabo, kule Likasi. Minaanza lundi."

Kampuni ya shaba imemwajiri, anaanza Jumatatu; sikuelewa kwanza. Nilidhani anasema habari ya mtu mwingine.

"Ulijua lini?"

"Wiki ilipita."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema namna gani? Ile siku tulifungua pile, ile seli ya sukari, weye ulikaa chini ukacheka. Tangu tunatumika pamoja, sikuonaka ukicheka vile. Nikasema, aba, nitangoja kesho. Na kesho yake ulikuwa bado unacheka."

"Shika udongo," nikamwambia. "Unapasuka upande wako."

Akashika. Nilitaka kumtukana kwa lugha zote ninazozijua. Badala yake nikasema, "Kwa hiyo mimi nibaki hapa peke yangu na sanduku la kioo."

"Yaya, batoto bananiuliza: papa, ile betri yako, banaikulaka?"

Alitaka kucheka alipolisema hilo la betri kuliwa, na hakuweza. Nina kaka na dada na mama, sina mtoto. Ndilo lililonifanya nizidi kuwa na hasira, kwamba hakuwa amefanya kosa lolote.

Kisha akasema kule Likasi wanatafuta mtu wa pili, na kwamba ametaja jina langu. Kuna nyumba. Kuna unga kila mwisho wa mwezi. Lori la kampuni litapita kumchukua, nafasi ya pili ipo, anatakiwa kuwajibu kesho.

Tulilingoja bomba lipoe. Jua lilikuwa limeanza kulala kwenye dirisha lisilofunga na baridi ikaanza kurudi, hata nikafurahi kuwa karibu na tanuru. Tulipofungua, upande wa kizibo kilichopasuka ulikuwa majivu, ya kijivu, mepesi, yakaruka kwa pumzi yangu. Tukachimba kwa waya. Majivu, majivu, halafu katikati kabisa kitu cheusi kikang'aa. Nikakitoa kwa kijiko. Kilikuwa kijiko kimoja tu, hata hakikujaa.

Kopo zima la sukari ya mama.

Mkurugenzi aliingia wakati huohuo, na koti lake la abakosti, la rangi ya udongo, limefungwa mpaka shingoni kwa sababu ya baridi. Si mtu mbaya. Natamani angekuwa mbaya, kazi ya kumchukia ingekuwa rahisi.

"Citoyenne Feza, hii ni nini?" Kazini tunaitana mwananchi, kwa Kifaransa, kama serikali inavyotaka.

"Ni kaboni, Citoyen Directeur."

"Na ile ingine?"

"Majivu."

Aliangalia bomba, tope, fulana ya Ngoy, kiganja changu. Akavuta pumzi.

"Mi sikatae akili yako. Hata kidogo. Lakini kwa ile tanuru, hawa ba kampuni batatuletea unga ya batumikaji, batatuletea mafuta ya camionnette. Bantu beko na njaa hapa ndani, citoyenne. Weye utatuletea nini?"

"Betri isiyokufa."

"Lini?"

"Ninayo kaboni ya seli moja. Moja inatosha kuonyesha. Nipe siku za kuifunga na kuipima."

"Basi ifunge leo, mi nione."

Nikageuka kwenye mtungi. Nikaukumbuka. Nikaufungua hata hivyo, mpaka mwisho, nikaweka sikio. Hakuna. Argoni yote tulikuwa tumeimalizia kwenye bomba. Tuliitumia gesi ya kufungia seli kuiokoa kaboni, na sasa kaboni ipo na seli haiwezi kufungwa. Nikabaki nimeshika ule mtungi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine ashike.

"Haina gesi," nikasema.

Mkurugenzi hakunidhihaki. Alisema tu, taratibu, kwamba watu wa kampuni watakuja asubuhi kulichukua tanuru, niwaachie njia mlangoni. Akaondoka. Nikamsikia huko nje akimwambia mlinzi afagie lile jiko la uani.

Ngoy alinawa. Akaiweka ile kaboni kwenye kichupa cha dawa, akakizungushia nta, akanipa. Tukatoka pamoja mpaka njia panda. Pale akasema, "Yaya, nitapita kesho kuchukua jibu." Nikaitikia kwa kichwa, sijui kwa kusema ndiyo au kwa kusema nimesikia.

Nilifika nyumbani adhana ikilia. Mama alikuwa ameshapika. Uji ulikuwa na ndizi mbivu zilizopondwa badala ya sukari, ili ile kidogo iliyobaki ifike mwisho wa mfungo, kisha bukari, ule ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Nilikunywa maji kwanza, nikasikia yanavyoshuka mpaka tumboni. Mama aliniacha nimalize bakuli la uji kabla ya kuuliza.

"Ilikuwa?"

"Haikuwa, Mama. Imeungua karibu yote."

Aliendelea kukata bukari. Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze, nilikuwa nimeshatayarisha majibu njia nzima. Akaniuliza kama kiganja changu nimekitia dawa.

Basi nikamwambia yote mengine. Tanuru, mtungi, Ngoy, Likasi, nafasi ya pili kwenye lori. Nilipofika kwenye nyumba na unga, akaacha kula.

"Enda," akasema.

"Mama."

"Enda, Feza. Babako alishona nguo za bantu mpaka macho yake yakaisha. Kuna muntu alimuulizaka kama anapenda? Kule utakula. Na sisi huku tutakula. Sauda anaweza kulala usiku akijua mama yake iko na unga."

"Na Sauda mwenyewe na tochi yake?"

"Sauda alizalisha batoto mbele ya betri yako kuja, atazalisha na nyuma yake."

Hilo lilinichoma kuliko bomba. Mama hakulisema kwa ubaya. Alilisema huku ananisogezea mboga. Nikala, nikaosha vyombo, nikaja huku chumbani.

Na hapa ndipo nilipo, nimekaa kitandani nimejifunga blanketi. Kupitia ukuta namsikia mama akivuta tasbihi.

Nimejaribu kuwaza kama mtu mzima. Mama ana haki. Ngoy ana haki. Mkurugenzi naye, nikiacha kiburi, ana haki. Watu wote leo walikuwa na haki isipokuwa umeme. Huko Likasi ningepima shaba asubuhi mpaka jioni, ningetuma unga nyumbani, ningevaa koti jeupe lisilo na tundu. Hakuna aibu ndani yake. Nimejilaza nikajaribu kujiona kule, kwa nia njema, nimesimama mbele ya mizani yao mizuri.

Sikuweza kukaa hapo. Kila nikijiona mbele ya ile mizani, mawazo yanarudi kwenye anodi ya kwanza. Kwa nini ilikaa? Sodiamu iliingia wapi ndani ya ile kaboni, kama grafiti, ndugu yake, inaikataa? Ilijibana kwenye nafasi gani, na ilitokaje bila kupasua kitu? Risasi ilishindwa. Makala yalishindwa. Sukari haikushindwa, na sijui kwa nini, na wakemia wa Ufaransa ninaowaandikia barua hawajui, na ikiwa nitakwenda Likasi sitajua mpaka mtu mwingine, mahali pengine penye umeme, aniambie.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nilidhani ni juu ya Ngoy. Nilidhani ni juu ya mtungi.

Halafu kuna jambo moja ambalo nilikuwa silioni kwa sababu ya kulia moyoni. Kaboni imeshaokwa. Sihitaji tanuru kwa seli moja, ninahitaji gesi. Karakana za kampuni zina wachomeleaji, na wachomeleaji wa vyuma vizuri wanatumia argoni. Ngoy atakuwa huko kuanzia Jumatatu. Sanduku la kioo hakuna anayelitaka, kesho hawatalibeba.

Ngoy akipita asubuhi nitamwambia hapana, nafasi yangu kwenye lori ampe mtu mwingine. Nitamtakia heri na mkewe na watoto, na nitalisema kwa moyo mweupe, najua nitaweza nikishalala. Kisha nitamwomba anitafutie mtungi mmoja, hata nusu, hata uliobaki chini kama wetu. Mama nitamwambia baadaye, nikiwa nimepata pa kuanzia.

Huenda seli hiyo nayo itakufa. Huenda ile ya kwanza ilikuwa bahati kweli, na mkurugenzi atakuwa amesema kweli, na mimi nitakuwa nimewanyima watu wangu unga kwa ajili ya kijiko cha kitu cheusi. Ningependa kusema ninabaki kwa sababu nina imani. Sina. Imani iliisha leo pamoja na argoni.

Ninabaki kwa sababu nimekasirika mno, siwezi kuacha.